Majina Yaliyojirudia

Nimefanya kazi ya kompyuta miaka mingi, na katika miaka yote hiyo, jambo nililolilalamikia kuliko umeme, kuliko wateja, kuliko hata mshahara, ni kufanya kazi na watu wasiojua kazi. Waulize walionizoea. Nikianza habari za watu wa vyeti vya miezi mitatu, hata chai hupoa mezani. Nina hasira za karibu, sikatai. Lakini kuna siku moja ambayo huwa naisimulia nusu, nusu nyingine naimeza. Leo naisimulia yote, kwa sababu bado inaniogopesha na sitaki kuzeeka nayo.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara huria ilipoanza, Morogoro mjini. Viwanda vilivyokuwa vikiita watu kwa king'ora kila asubuhi vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, au vinauzwa, au vinasubiri mnunuzi huku nyasi zikiota getini. Wakati huohuo kila mwenye chumba cha mbele alikuwa amefungua kitu: mitumba, saluni, duka la dawa, kibanda cha kukodisha kanda za video. Bosi wetu alikuwa akiuza vipuri vya magari. Siku moja alirudi kutoka Dar na kompyuta tatu, akahamishia vipuri uani, akapaka ukuta rangi ya buluu na kuandika juu yake kwamba sisi ni wataalamu wa mifumo ya kisasa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na stashahada niliyoisotea Dar es Salaam. Niliamini kwamba kuanzia Chalinze mpaka Dumila hakuna ajuaye nilichokijua, na pengine sikukosea sana, maana kompyuta zenyewe zilikuwa za kuhesabu.

Mwenzangu ofisini alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mtu wa Tabora, aliyekuwa mtunza stoo katika kimojawapo cha viwanda vile mpaka alipopunguzwa kazi. Alijua kupiga chapa bila kuangalia vidole. Alipopunguzwa, alisoma kompyuta miezi mitatu, akapewa cheti chenye nembo ya dhahabu, na bosi akamwajiri. Mlangoni paliandikwa jina lake na chini yake "Mtaalamu Mwandamizi." Mimi nilikuwa mtaalamu tu. Kila asubuhi nilianza kazi kwa kumwamkia shikamoo. Aliitikia, "Marahaba, mwanangu, umeamkaje?" Halafu tukikaa, anaanza kuuliza.

Aliuliza kila kitu. Kwa nini disketi hii inakataa. Kwa nini alichoandika jana leo hakipo. Nikimjibu, aliandika jibu kwenye daftari nene, kwa mwandiko mzuri wa mtunza stoo, na tarehe pembeni. Kesho yake aliuliza lilelile, kwa adabu ileile. Sasa utamkemea vipi mtu uliyetoka kumwamkia? Nilifanya wanachofanya wasichana waliolelewa vizuri: alasiri alipokwenda kuswali, nilifungua kazi yake na kuirekebisha kimyakimya. Akirudi, anajaribu, inakwenda. "Mashallah," anasema, "leo imekubali yenyewe!" Bosi alimsifu mbele yangu. Mimi nilikunja uso mpaka kichwa kikaniuma.

Niliogopa kumsema kwa bosi, kwa kuwa alikuwa na watoto sita na mke mwenye pumu, na kazi nyingine asingeipata. Niliogopa pia kunyamaza, kwa sababu ya kazi tuliyokuwa tumeipata milimani.

Kazi hiyo ilikuwa ya kituo cha afya cha misheni, juu kabisa Uluguru, mahali ambapo gari huishia na miguu huanza. Wafadhili walikuwa wamewapa kompyuta na umeme wa jua, nasi tukawatengenezea programu ya kadi za wagonjwa. Zamani kila mgonjwa alikuwa na kadi yake ya karatasi, na kama kuna dawa inayomdhuru, Sista aliyekuwa mganga mkuu aliiandika juu kwa wino mwekundu. Kwa utaratibu mpya, binti wa mapokezi aliandika jina na kijiji, mashine ikatoa karatasi, na ile dawa ya kuepukwa ikajitokeza juu kwa herufi kubwa. Kadi za zamani zilitiwa kwenye magunia na kuwekwa stoo. Kwa hiyo, kati ya mgonjwa na sindano isiyomfaa palikuwa na karatasi yetu tu. Nililijua hilo vizuri sana, na sikupenda kumwona mzee yule akigusa faili la milimani.

Orodha ilipokamilika kuingizwa, tulileta nakala yake mjini kwa disketi ili tuisafishe: tuondoe makosa, tupange vijiji. Bosi akampa kazi hiyo mtaalamu mwandamizi.

Siku aliyonijia nilikuwa napambana na printa. Ilikuwa imetafuna karatasi, na mikono yangu ilikuwa myeusi kwa wino.

"Mwanangu, samahani," akasema nyuma yangu. "Hapa kuna majina yanajirudia. Jina hilohilo, kijiji hichohicho. Sasa huyu ni mtu mmoja kaandikwa mara mbili, au ni watu wawili?"

Sikugeuka. "Jina moja, kijiji kimoja, ni mtu mmoja, mzee."

"Hata kama umri haulingani?"

"Kule juu nani anajua umri wake? Bakiza la kwanza, mengine futa."

"Yote?"

"Yote, mzee. Ndivyo inavyofanywa."

Nilisikia kalamu yake ikiandika. Nikashukuru kwamba siku hiyo nimeulizwa mara nne tu.

Ngoja niseme mimi ni nani. Mimi ni Mluguru. Nimezaliwa katika milima ileile, kilima cha pili kutoka misheni. Kwetu mtu akifariki, siku ya kumaliza msiba ukoo wake wa upande wa mama humchagua mmoja kurithi jina lake, na kuanzia siku hiyo aliyerithi ndiye yeye. Watoto wa marehemu humwita mama. Mimi mwenyewe nilirithishwa jina la dada yake bibi nikiwa na miaka tisa, na kuna wazee wa kilima chetu walioniamkia shikamoo nikiwa sijaota meno yote ya mbele. Ongeza na majina ya ubatizo, ambayo mapadre wa zamani waliyagawa kwa kufuata watakatifu walewale wachache, utakuta kijiji kimoja kina wanawake wanane wa jina moja, na baba zao pia ni wa jina moja. Haya niliyajua kabla sijajua kusoma. Lakini darasani nilifundishwa kwamba jina likijirudia ni uchafu unaofutwa, na siku ile, mgongo ukiwa umemgeukia mzee, nilijibu kama nilivyofundishwa.

Jumamosi mzee alipanda mwenyewe na disketi, akaiweka orodha mpya kwenye kompyuta ya kituo, akarudi amefurahi na furushi la njegere alizopewa na masista. Nusu alinipa mimi.

Niligundua Alhamisi asubuhi. Nilikuwa nafanya nakala ya akiba, kazi ya kila wiki. Faili la milimani lilikuwa kubwa, siku zote lilijaza disketi mbili. Alhamisi ile liliingia lote kwenye moja na nafasi ikabaki. Kwanza nilidhani disketi ni mbovu. Nikaweka nyingine. Likaingia tena. Ndipo nikaanza kusikia sauti yangu mwenyewe ikisema futa.

Niliweka orodha ya zamani na mpya upande kwa upande. Mamia ya watu hawakuwapo. Nikatafuta wale waliokuwa na maandishi ya dawa za kuepuka kwenye orodha ya zamani na ambao kwenye mpya hawakuwa nayo. Walikuwa kumi na mmoja. Sita kati yao ni watu wa kudhurika na penisilini, ambayo kule juu ndiyo sindano ya kila kidonda na kila kifua. Niliandika majina yao kumi na moja kwenye karatasi, na jina la tatu ikabidi niliandike upya.

Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Alitaka kuuliza jambo.

"Mzee," nikasema, "umefuta watu."

Angalia neno nililotumia. Sikusema tumefuta. Alivaa miwani, akasoma kioo cha kompyuta mpaka chini. "Inna lillahi," akasema polepole. "Leo si gulio kule juu?"

Alhamisi ndiyo siku ya gulio. Watu wa vilima vyote hushuka na mboga zao mpaka uwanja wa misheni, na wakishauza, wenye wagonjwa huingia kituoni. Simu haikuwapo. Nyumba ya mapadre mjini ilikuwa na redio kol, lakini iliongea na milimani mara moja tu kwa siku, asubuhi mapema, na muda huo ulikuwa umepita. Bosi alikuwa Dar. Mzee alichukua koti na mkoba wake, nami nikachukua karatasi ya majina na disketi mbili za orodha ya zamani. Tukafunga ofisi bila kumuaga mtu.

Tulipata pikapu iliyokuwa imeshusha kabichi sokoni na sasa inarudi na matenga matupu. Tulikaa nyuma juu ya matenga. Barabara ile naijua tangu utoto na sijawahi kuiogopa, wala siku ile sikuiogopa, ingawa mvua ya juzi ilikuwa imeimega kando na gurudumu la kushoto lilipita mahali ambapo mimi nisingepitisha mbuzi. Niliogopa saa. Kila niliposoma majina yale niliona sura. Hawa ni watu wa kwetu. Mmoja nilidhani ni mke wa mjomba wangu, halafu nikasema hapana, huenda ni bibi yake, halafu nikakumbuka kwamba hilo hasa ndilo tatizo.

Na nikiri jambo jingine. Niliogopa pia mkoba wa mzee uliokuwa magotini mwake, kwa kuwa daftari lilikuwa humo, na ndani ya daftari, kwa mwandiko safi na tarehe pembeni, palikuwa na jibu langu. Nilikuwa nakwenda kuokoa watu, na bado roho yangu ilikuwa kwenye mkoba wa mtu mwingine. Sikujua kwamba mtu anaweza kuogopa mambo mawili ya namna hiyo kwa wakati mmoja.

Gari lilipoishia tukaanza kupanda. Mzee alikuwa na viatu vya ofisini na goti bovu. Hakulalamika hata mara moja. Kila baada ya mwendo mfupi alisimama, akashika kiuno, akasema, "Tangulia, mwanangu, usinisubiri," na nilimsubiri, kwa kuwa sikutaka kufika peke yangu. Tulipishana na wanawake waliokuwa wakirudi kutoka gulioni. Niliwasalimia kwa Kiluguru na kuwachungulia usoni. Milimani kwetu msiba husikika kabla ya kuonekana, sauti huvuka bonde kwa bonde, kwa hiyo nilikuwa napanda nikisikiliza. Ndege akilia nashtuka. Mtoto akiita ng'ambo, nasimama.

Tulipofika kwenye uwanja wa misheni, gulio lilikuwa linavunjika. Nje ya wodi ya wanawake palikuwa na watu wamesimama kimya. Hawakuwa wakilia. Walikuwa wamesimama kama watu wanaosubiri waambiwe walie au wasilie.

Binti wa mapokezi ndiye aliyenieleza, huku akilia mwenyewe. Mwanamke mmoja, kijana, alijikata mguu kwa jembe wiki iliyopita, kidonda kikaoza, akaletwa na mama yake akiwa na homa kali, hajui hata yuko wapi. Binti aliandika jina na kijiji. Karatasi ikatoka safi, haina onyo lolote, na umri umeandikwa miaka sitini na mbili. Wakacheka wote. "Kompyuta imekuzeesha, dada," binti alimwambia mgonjwa. Muuguzi, kwa kutaka uhakika, alimwonyesha mama karatasi na kumuuliza, "Mama, huyu aliyeandikwa hapa ndiye huyu?" Mama akaangalia jina. Lilikuwa jina la dada yake aliyefariki, na mwanawe ndiye aliyelirithi. Akajibu kwa jinsi tunavyojibu sote kule.

"Ndiye," alisema. "Ndiye yeye hasa."

Akachomwa penisilini. Mama huyo tangu zamani alikuwa na desturi ya kuwakumbusha wauguzi kwamba mwanawe sindano ile ilitaka kumuua utotoni, lakini tangu mashine ilipoletwa aliambiwa asihangaike tena, mashine inakumbuka. Lilikuwa jina la nne kwenye karatasi yangu.

Nilimwona kupitia mlangoni. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamepotea. Pumzi yake ilisikika tangu barazani, ikivuta, ikikwama, ikivuta tena. Sista alikuwa amemchoma kichupa pekee cha adrenalini kilichokuwapo kituoni na sasa ameshika mkono wake akihesabu mapigo, midomo ikienda. Kila pumzi ilipokwama, na mimi nilikwama. Nilijiambia, akifa huyu, nimemuua kwa sentensi moja, tena bila kugeuza shingo.

Tulimpa Sista ile karatasi. Aliisoma akiwa amesimama, akamtuma binti kwenda nayo uwanjani kuwaulizia wale wengine kumi kabla hawajatawanyika. Mimi na mzee tukaingia stoo, tukamwaga magunia, tukaanza kuzitoa kadi za zamani zenye wino mwekundu. Kwenye kazi hiyo mzee alikuwa hodari ajabu. Alizipanga kwa kijiji, kisha kwa jina, kisha kwa umri, haraka, bila kukosea, kama mtu aliyerudi nyumbani kwake. Mimi nilimpitishia tu. Ukutani kwa upande wa pili tulisikia pumzi ile.

Alasiri ilipokuwa inaisha pumzi ilitulia. Nilidhani amekata roho, nikakaa chini sakafuni kati ya kadi. Kisha tukasikia mama yake anacheka na kulia pamoja, na mtu anaomba maji. Alikuwa ameyaomba mwenyewe. Wale wengine kumi, Mungu ni mwema, hakuna aliyekuwa amechomwa kitu siku zile.

Sista alikuja stoo akifuta mikono. Alikuwa mama wa makamo, mpole, na upole wake siku ile ulinitisha kuliko makelele.

"Nani aliyefuta majina?" akauliza.

"Ni mimi, Sista," mzee akajibu. Alikuwa amepiga goti moja, lile zima, na kadi zimejaa mikononi.

Sista akanigeukia. "Na wewe? Wewe ni mtoto wa huku. Wewe si ungemwambia?"

Mkoba wa mzee ulikuwa palepale kando ya gunia, zipu wazi, daftari linaonekana.

"Sikujua kama amefuta, Sista," nikasema.

Mzee aliendelea kupanga kadi, moja juu ya nyingine.

Jumatatu bosi alirudi, akasikia, akamwachisha kazi kabla ya saa nne. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba zama zimebadilika, sasa panatakiwa watu waliosoma, na aliposema waliosoma alininyooshea mkono. Mimi niliangalia kibodi. Nilisubiri mzee afungue daftari. Kweli nilisubiri, na ukweli wenyewe ni kwamba nilikuwa nimeshaandaa la kusema: kwamba alinielewa vibaya, kwamba mimi sikusema hivyo, kwamba wazee husikia wanavyotaka.

Hakulifungua. Alikusanya vitu vyake, akaning'iniza koti begani, akaja mpaka mezani kwangu. Nikasimama, kwa kuwa ni mkubwa.

"Nisamehe, mwanangu," akasema. "Nimefikiri sana jambo hili. Siku ile nilikuuliza vibaya, una kazi mkononi. Ningekuuliza vizuri, wewe ungeniambia."

Hakuwa ananisuta. Nilimtazama machoni nikitafuta suto, hata dogo, nikalikosa. Alikuwa ameliamini hilo kabisa.

"Usijali, mzee," nikamwambia. "Yamepita."

Akanishukuru, akatoka.